Nakala Chini ya Bakuli la Harusi

Jumatatu, 2 Machi. Kumi na mbili Ramadhani.

Nimerudi kutoka Bububu, kwenye semina. Mada: biashara ndogo ijikinge vipi na moto, mafuriko na wezi wa mitandaoni. Semina ya Ramadhani haina chai wala sambusa, kwa hiyo tuliokaa mpaka mwisho ni wenye nia safi. Nia yangu mimi ilikuwa kumshinda Mabrouk.

Mabrouk anachapa kadi za harusi hapa Kiponda. Na mimi nachapa kadi za harusi hapa Kiponda. Milango yetu inatazamana, na uchochoro wenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Naye alikuwepo seminani. Alisinzia. Saa aliyosinzia nimeiandika pembeni.

Mwalimu, binti mmoja jina lake Afra, kasema mambo matatu. Paswadi iwe ngumu. Nakala ya kazi zako ikae mbali na duka. Na ukiletewa ujumbe usioujua, usibonyeze. Yote nimeyashika.

Alasiri kaja Bi Faiza. Anamwoza binti yake Mfunguo Mosi, baada ya Idi: kadi mia sita, kila moja na jina la mwalikwa. Majina keshanisomea siku tatu mfululizo, nikayaingiza kwenye kompyuta. Harusi za hapa, ukisahau jina moja, unazua ugomvi wa koo mbili mpaka kwa wajukuu. Nikamweleza kuwa karatasi ni hatari, zinaokotwa, zinaliwa na mchwa. Za kwake ziko wapi? Akazitoa mkobani. Nikazichana mbele yake. Akaniuliza, "Msabah, una hakika?" Nikamwambia mimi sasa ni mtu wa semina.

Nikamwambia pia kuwa mtandao wa Mabrouk uko wazi, kila apitaye anauchota. Huko si kusengenya, maana ushahidi ninao: nauchota mimi mwenyewe, tangu mwaka juzi nilipokwenda kumpa pole ya mama yake akanipa paswadi. Hata hivyo nimeomba toba kabla ya kusema, na nikaomba tena baada ya kusema. Nakala mbili, kama tulivyofundishwa.

Jumanne, 3 Machi.

Paswadi mpya. Afra alikataza majina ya watoto na namba za simu. Nimeweka tarehe ya harusi yangu. Hakuna mwizi atakayeijua.

Na nakala tayari. Vyote vimo kwenye flashi moja: orodha ya Bi Faiza, kadi zote, na shajara hii. Mvua za masika zinakaribia, basi flashi nimeifunga nailoni, juu yake kitambaa cheusi, nikakishona kwa uzi mwekundu maana ndio uliokuwepo. Kisha nikaibandika chini ya bakuli la kauri, kwenye kabati la vioo nyumbani. Bakuli hilo tulipewa na shangazi yake Wanu, mke wangu, siku tulipooana. Miaka ishirini na nne halijatoka kabatini. Wanu sikumwambia. Nakwambia wewe tu. Usalama hauna mke.

Jumatano, 4 Machi.

Kweli hakuna aijuaye. Hata mimi. Nimejaribu tarehe saba. Kompyuta ikanikatalia mpaka adhuhuri, na wateja wawili wamekaa barazani wananitazama nikitokwa jasho na saumu yangu. Mwisho nikampigia simu Wanu kwa ujanja. Nikamuuliza ilikuwa lini vile, shangazi yake alipotupa lile bakuli. Naye akauliza kama ninachotaka ni tarehe ya harusi yetu. Nikamwambia ni kwa ajili ya kompyuta.

Akanitajia. Kompyuta ikafunguka. Wanu akafunga. Wakati wa futari nimesogezewa sahani bila neno.

Alhamisi, 5 Machi.

Msiba. Naandika nyuma ya kadi zilizoharibika, kompyuta sina.

Asubuhi uliingia ujumbe. Eti cheti changu cha usalama wa mtandao, daraja la kwanza, muhuri wa dhahabu, kiko tayari, nibonyeze nikichukue. Afra alitutahadharisha na ujumbe wa bahati nasibu. Huu haukuwa wa bahati nasibu, ulikuwa wa usalama, na mwizi gani huyo anayehubiri usalama? Tena ukuta wa kukitundika nilishauchagua, ule anaoutazama Mabrouk kila akiinua kichwa. Nikabonyeza.

Kioo kizima kikawa chekundu. Kizungu kirefu. Nilichofahamu ni kuwa mafaili yangu yamefungwa na watu nisiowajua, na wao paswadi yao hawaisahau.

Sikutaharuki. Si nina nakala? Nikafunga duka, nikaenda nyumbani mbio, nikafungua kabati. Pale palipokuwa na bakuli pamebaki duara safi katikati ya vumbi.

Wanu alikuwa anachagua mchele. Hata hakuinua uso. Akasema bakuli limekwenda jana magharibi na tambi, kwa Jokha, mkewe Mabrouk. Alikuwa akilitunza kwa kumbukumbu ya harusi yetu, na ikiwa bwana harusi mwenyewe haikumbuki, basi bakuli ni bakuli tu. "Limepata kazi mwisho wake," akasema.

Bi Faiza anakuja Jumatatu kuchukua kadi. Orodha yake nyingine niliichana mimi.

Ijumaa, 6 Machi.

Nimemwomba Wanu akalichukue. Akanitazama kama nimemtuma kuomba sadaka. Chombo kilichokwenda na futari hakidaiwi. Kinarudi chenyewe, siku mwenzio akipata cha kukijazia. Ukikifuata umewaambia watu ama una njaa, ama jirani yako mwizi.

Basi nikatumia hekima. Baada ya sala ya Ijumaa nikamshika mkono Mabrouk, nikamzungumzia thawabu za kurudisha vyombo vya watu mapema. Hakuwa na raha nami. Akauchomoa mkono, akasema lile bakuli Jokha ana jambo nalo, litarudi Idi, inshallah. Idi ni wiki mbili mbele. Na muda wote alikuwa akinitazama vidole, usoni hanitazami.

Jumamosi, 7 Machi.

Nimejialika futari kwa Mabrouk. Mtu akipiga hodi magharibi ya Ramadhani hafukuzwi. Nilikwenda na tende.

Bakuli liko pembeni peke yake, limefunikwa kitambaa cheupe, na chetezo cha udi kinafuka ubavuni mwake. Nikaona, wanaliheshimu. Tulipomaliza kusali nikaitupa tasbihi yangu upande ule makusudi, nikaifuata kwa magoti, nikalipindua bakuli. Chini hapana kitu. Alama ya gundi tu.

Jokha akaingia na birika la uji akanikuta nimelikumbatia. "Nilikwambia, Mabrouk," akasema. "Mwenyewe kaja kutazama kama limefanya kazi."

Kazi gani? Nikaulizia uji. Sikupewa.

Jumatatu, 9 Machi.

Usiku nimesoma dua zote ninazozijua, pamoja na ya msafiri.

Asubuhi Mabrouk kaingia dukani na bakuli limejaa kaimati, nyuma yake ustadhi wa msikitini kwetu. Ustadhi ndiye aliyesema. Jumatano Jokha alipolipokea bakuli aligusa kitu chini, akapindua, akaona kitambaa cheusi kimeshonwa uzi mwekundu, kimefichwa. Basi afikiri nini? Tambi akawamwagia paka. Kitambaa kikapelekwa kwa ustadhi, akakisomea siku tatu, akakirowesha maji ya waridi. Jana akaukata uzi kwa bismillahi.

"Bwana Msabah," akasema, "miaka thelathini nafungua hirizi za watu. Hii ndiyo ya kwanza yenye giga thelathini na mbili."

Nailoni imezuia maji yote. Natamani Afra angeona.

Nikanyoosha mkono niipokee. Mabrouk akasema ameifungua kwanza, ajue ni ya nani, na shajara ameisoma. Akasema seminani hakusinzia, kichwa kilikuwa kikimgonga, akafumba macho. Akasema siku ya msiba wa mama yake alinipa paswadi kama ndugu, na mimi nimekwenda kumwambia mteja kuwa mtandao wake uko wazi. Aliyasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyefunga. Ningependelea agombe.

Mara Bi Faiza huyo. Kompyuta yangu bado nyekundu. Mabrouk akamtazama yeye, akanitazama mimi, akachukua flashi, akavuka uchochoro. Hadi alasiri kadi zote mia sita zimetoka, halikukosekana jina. Chini ya kila kadi, kwa herufi ndogo, limo na la Mabrouk.

Bi Faiza akaniuliza zile karatasi zake nilizichania nini. Nikamwambia tumwombe Mungu atutakabalie saumu zetu.

Jumanne, 10 Machi.

Nimekaa, nimetafakari, nimeona kosa ni la kompyuta. Shajara haitarudi humo.

Mabrouk kabadilisha paswadi ya mtandao wake. Nimejaribu tarehe ya harusi yake. Naikumbuka vizuri, kadi zake nilizichapa mimi. Umefunguka. Alisinzia, nilisema.

Kwa hiyo sasa naandika kwenye kadi zilizoharibika, na kadi zenyewe nazificha nyumbani, ndani ya boksi la kadi zilizoharibika. Nimezichanganya na nyingine kama mia mbili. Mwizi atachoka.

Wanu ameanza kunisemesha. Anaoka biskuti za kumwomba radhi Jokha, sinia zima, na ameniuliza kama nina karatasi ngumu za kutandika kati ya safu na safu. Nimemwambia kuna boksi zima la kadi mbovu, achukue azitakazo.

Naona keshalifungua. Ngoja niwahi kutia na kadi hii humo.