Mtego wa Siri Kuu

Jumatatu, 3 Machi

Bosi amefoka kikaoni mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Washindani wetu wamewapigia simu wateja wetu, wakiwataja kwa majina na tarehe za harusi zao! Maana yake kuna mtu ameingia kwenye seva na kuchungulia kanzidata, lile ghala lenye jina, simu na tarehe ya kila aliyekodi ukumbi wetu. Bosi akauliza ni nani anayeilinda hiyo seva. Nikakohoa.

Kasema Ijumaa atateua mkuu wa kitengo cha kompyuta kati yangu na mwenzangu ninayemwita Miwani. Atakayeshindwa asishangae akionyeshwa mlango.

Miwani! Hata mwaka hajamaliza hapa. Eti tubadilishe nywila, kila mtu awe na yake, tufunge milango ya nje ya seva, tuweke nakala ya akiba kila jioni. Mambo ya darasani hayo. Mimi nataka kishindo.

Jumanne, 4 Machi

Hapakaliki. Nimezunguka meza mpaka mhasibu akaniuliza kama nina minyoo.

Halafu likanijia. Mtego! Najenga ghala la pili la uongo, nalijaza wateja hewa, naacha mlango wazi kidogo. Mwizi anaingia, anabeba upuuzi, namdaka. Akili ni nywele bwana, na mimi zangu ni ndefu.

Tatizo majina. Nilipoishiwa ya kubuni nikawaweka ninaowajua, na namba zao za kweli, ili mwizi asishtuke. Kinyozi wangu nimemwoza kwa mama mwenye nyumba. Bosi ni mgane, na mama mkwe ni mjane anayeishi kwetu na kuniita fundi redio mbele za wageni. Basi nikawafungisha ndoa hao wawili. Nimecheka peke yangu mpaka machozi.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimejishinda mwenyewe. Ghala la kweli nimelipa jina "takataka". La uongo nimeliita "siri_kuu". Mwizi gani ataacha siri kuu akabebe takataka?

Miwani kaniuliza mbona natabasamu. Nikamwambia jino linauma. Nimwambie ili anitilie mchanga kitumbua changu? Thubutu.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Balaa tupu!

Miwani kafika mapema, kakuta tovuti inasoma ghala liitwalo takataka. Kadhani ni kosa. Nani asingedhani? Kaielekeza siri_kuu. Muda wa ujumbe wa kuwakumbusha wateja ukafika, na mtambo ukawatumia wote waliomo. Mama mkwe kaarifiwa kuwa yeye ni bi harusi mpendwa, kwamba ukumbi uko tayari, na kwamba bwana harusi anapatikana kwa namba ifuatayo. Bosi naye kapata wake.

Mke wangu kanipigia akisema mama kapiga ukelele mpaka majirani wakaja. Kisha mama akampigia bwana harusi kumtukana. Kinyozi naye kanitumia ujumbe nisikanyage kwake tena. Sasa nitanyolea wapi?

Ijumaa, 7 Machi

Miwani ndiye mkuu wa kitengo. Basi. Nimeandika, sirudii.

Nilimweleza bosi kuwa lile lilikuwa zoezi la usalama. Akajibu kuwa sikio la kufa halisikii dawa, ila ataniacha nibaki chini ya Miwani, nikivuruga tena nakwenda na maji. Kisha akashusha sauti, akauliza kama mama mkwe bado ana hasira. Nikamwambia anatokota. Akasema itabidi ampigie mwenyewe kumwomba radhi.

Huruma hii naiogopa kuliko ukali.

Jumanne, 11 Machi

Nimemkuta mama mkwe kibarazani na simu sikioni. Anacheka! Aliponiona akahamia jikoni na kufunga mlango. Nikatega sikio, nikaisikia sauti ya bosi kwenye spika ya simu. Wananijadili! Wanapanga nifukuzwe lini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mke wangu anasema niache kusimama mlangoni kama askari, nile chakula kinapoa. Nimehamishia sahani mlangoni.

Jumatano, 19 Machi

Bosi kaja kazini na shati jipya na manukato ya kukohoza watu. Kanisalimia "mwanangu". Hajawahi! Hivyo ndivyo wanavyomsalimia mtu kabla ya kumpa barua.

Nyumbani, mama mkwe kaniuliza kwa upole napenda suti rangi gani. Anataka nifukuzwe nikiwa nimependeza. Mke wangu akadakia kuwa Jumamosi ya tarehe 12 Aprili nisipange jambo lolote. Nikaitikia tu, mawazo yakiwa kwenye seva.

Jumamosi, 22 Machi

Ushindi! Ushindi mnono!

Miwani leo ana mapumziko. Kaniachia kazi moja: kufuta lile ghala la uongo, basi, nisiguse kingine. Nikalifuta. Lakini mlinzi wa kweli hakosi kutupa jicho na kwingine, nami nikachungulia ghala la kweli. Nikaona nini? Bosi na mama mkwe! Bwana na bi harusi, ukumbi mkubwa, tarehe 12 Aprili! Uongo wangu umevuka ukuta na kuingia kwenye ukweli! Tena imeandikwa kuwa aliyeuingiza ni bosi mwenyewe, juzi. Mdukuzi hodari huyo, kaiba hadi nywila ya bosi.

Sikupoteza muda. Nimeifuta hiyo harusi. Nikaingia kwenye nakala ya akiba, nikafuta na humo, isibaki hata punje. Saa hiyohiyo akapiga simu mteja mmoja analia kwamba hapati ukumbi tarehe 12. Nikampa yeye na nikamthibitishia kwa maandishi. Bosi nimembadilishia nywila, nimemwekea ile yetu ya zamani, harusi123, ili asiisahau.

Miwani sijamwambia. Jumatatu atajionea mwenyewe nani alistahili kile cheo.

Mke wangu anasema kesho mchana bosi anakuja kula kwetu, na mama ana jambo la kutangaza mbele ya wote. Nimeelewa sasa. Kumbe wakati wote ule kwenye simu mama alikuwa ananiombea cheo kwa bosi! Nimepiga shati pasi na kuandaa hotuba fupi ya shukrani. Nitaanza kwa kuwaambia nilichokiokoa leo.