Uso Niliompa Mtu wa Jalada

Mpofi, Jumanne, tarehe 4 mwezi wa sita, 1968

Siku kubwa! Papa Mbonigaba, yule mfanyabiashara wa Masisi anayejenga baa kando ya barabara, ameita wachoraji wote wa Mpofi. Wote maana yake wawili: mimi Edmond, na Damascène wa Kashuga. Mimi pia ni mtu wa Masisi. Nilikuja huku baada ya mavuno ya maharagi, kukaa kwa dada yangu Céline aliyeolewa hapa. Damascène anachora watakatifu wa kanisa. Watakatifu wake wote wana macho ya mbuzi.

Papa Mbonigaba ameokota gazeti la picha katika nyumba ya muzungu mmoja aliyekimbia akaacha kahawa yake ioze. Gazeti la zamani, la hadithi za kuchorwa, maneno yanawatoka watu mdomoni kama moshi. Ndani panya wamekula. Jalada limebaki zima. Mwanaume amesimama mlangoni mwa nyumba, mvua inanyesha, koti refu, taa mkononi, kofia imeshuka. Chini ya kofia hakuna uso. Giza tu.

Amri: kila mmoja achore jalada hilo upya juu ya ubao, kwa mtindo wake mwenyewe. Mshindi atachora ukuta mzima wa baa. Kila lori litakalopita litaona jina langu! Nimeshafanya mazoezi ya sahihi.

Nimeazima kopo la buluu la Damascène. Sihitaji buluu. Lakini sasa hana.

Alhamisi, tarehe 6

Kazi inaendelea. Mtindo wangu: nimemvua yule mtu koti la kizungu, nimemvalisha kama mwindaji wa huku, mfuko begani. Nyumba ya mawe imekuwa nyumba ya miti na majani. Nyuma yake, pori letu. Mvua nimeiacha. Mvua ni yetu pia.

Kuhusu uso nina mpango wa werevu. Mtu asiye na uso hauzi bia. Nitampa uso wa Papa Mbonigaba mwenyewe! Nani ataunyima uso wake mwenyewe ushindi?

Mchana. Ajabu. Nilichora mashavu manene, yakatoka membamba. Nikaongeza rangi. Ilipokauka, membamba tena. Nikachora pua pana, ikatoka ndefu, imepinda kidogo. Kovu juu ya nyusi. Sikuchora kovu, brashi ilichora. Kisha ndevu zenye mvi, na Papa Mbonigaba hana hata unywele mmoja kidevuni! Mkono ulikwenda wenyewe, kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani.

Vidole vina baridi. Céline anasema ni njaa. Nimekula bugali na mboga ya sombe. Baridi imebaki.

Jumamosi, tarehe 8

Niliweka ubao nje ukauke. Jirani yetu, Mama Rosalie, akapita na kikapu cha mihogo kichwani. Kikapu kikaanguka. Hakukiokota.

Akaniuliza: "Weye ulimuona wapi?"

Nikauliza nani.

"Bwana yangu."

Céline alinieleza baadaye. Athanase, bwana wa Mama Rosalie, alikwenda kwenye mashimo ya Omate kabla ya Uhuru, kutafuta dhahabu. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari. Kovu lile alilipata kwa tawi la mti. Pua ilivunjwa na ndugu yake wakiwa wadogo. Mimi sijawahi kumwona mtu huyo! Alipoondoka nilikuwa Masisi nachunga mbuzi.

Mwenye haya angesema: sijui. Mimi nikafikiri haraka. Mchoraji anayeota nyuso za watu waliopotea! Damascène atapata wapi jambo kama hilo? Nikamwambia Mama Rosalie kwamba nilimwona Athanase ndotoni, na kwamba alisema anakuja.

Uongo mdogo tu. Lakini Mama Rosalie alikaa chini katikati ya mihogo yake, akanishika miguu. Mwezi huu jamaa walikuwa wameshakubaliana naye wamalize kilio, waweke msalaba hata bila kaburi. Sasa amewarudisha makwao. Amefagia uwanja wake mpaka barabarani.

Céline hataki kuniangalia. Alisema: "Utamurudishia nini huyu mama, Edmond? Ubao?"

Wivu wa ndugu.

Jumatatu, tarehe 10

Sifa! Watu wanatoka vijiji vya jirani kuja kuona ubao wangu. Hawacheki. Wanasimama mbali. Akina mama wanawafunika watoto macho. Kama tangazo, si vibaya.

Jambo moja tu. Nilimchora mtu yule ndani ya mlango, miguu yote miwili nyuma ya kizingiti. Leo asubuhi mguu mmoja uko nje. Vidole vina matope. Sikuchora matope. Na ndevu zimezidi weupe.

Damascène! Nani mwingine angeharibu kazi yangu? Nikaenda kwake na hasira zangu zote. Nikamkuta amekaa juani, amejifunika blanketi. Ubao wake ulikuwa umegeuziwa ukuta. Nikaugeuza.

Mtindo wake kabisa: joho refu, mwanga wa dhahabu kuzunguka kichwa. Ila macho hayakuwa ya mbuzi. Uso ulikuwa ule ule. Kovu, pua, mvi. Mguu mmoja nje ya mlango.

Nikamwita mwizi wa nyuso. Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alisema hajaona ubao wangu hata mara moja. Alisema alitaka kumchora Mtakatifu Yosefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, wa kwako naye anatembea?"

Nikamjibu kwamba sina muda na maneno ya watu walioshindwa. Nikaondoka. Nilitembea upesi kidogo.

Jumatano, tarehe 12

Siku ya hukumu. Mchana Papa Mbonigaba alisimamisha mbao mbili mbele ya baa. Kijiji chote kilikuja. Hata kuku.

Miguu yote miwili sasa iko nje, kwenye mbao zote mbili. Na nyuma ya mtu yule mlango umefungwa. Mimi sikuchora mlango uliofungwa. Damascène aliapa kwa Bikira kwamba naye hakuuchora. Papa Mbonigaba aliuliza kama tunamchezea. Nikamwambia huo ndio ufundi.

Mama Rosalie akaja, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Akaangalia ubao mmoja, kisha wa pili. Nilitegemea machozi. Machozi ya mama kama yule yangemlainisha hakimu yeyote. Hakulia. Akanyosha mkono, akagusa ndevu.

"Alizeeka," alisema.

Watu hawakuelewa.

"Muangalie izi mvi. Wafu hawazeeke. Huyu alikula, alilala, alizeeka. Miaka yote ile barabara iko, na hakukuya."

Mzee mmoja akamwambia kwamba sasa anakuja, ndoto ya Edmond imesema. Mama Rosalie akanigeukia. Akaniuliza mbele ya wote kama kweli niliota. Nyuma yake niliona ukuta wa baa, mrefu, safi, unaningoja. Nikasema ndiyo.

"Basi umuote tena. Umuambie mulango umefungwa."

Akachukua ndoo ya chokaa ya waashi na brashi yao pana. Akafuta uso. Wa kwangu kwanza, kisha wa Damascène. Polepole, bila hasira, kama mtu anayepaka ukuta wa nyumba yake. Chokaa ilipofika machoni nikasikia pumzi ya mtu karibu na sikio langu, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo mzito. Watu walisema upepo. Majani ya migomba hayakutikisika.

Kazi yangu bora! Chini ya chokaa! Hakuna hata mmoja aliyenipa pole.

Ijumaa, tarehe 14

Lori la Jean-Marie limefika leo kutoka pande za Omate. Jean-Marie ni dereva asiyekunywa pombe na asiyependa hadithi. Alisimama mbele ya baa akauliza kama kuna mzee amefika kwa miguu. Mzee gani? Wa ndevu nyeupe, anasema, pua imepinda, amebeba taa isiyowaka. Alimpakia njiani Jumatano asubuhi. Mzee alisema anashuka Mpofi. Akapanda nyuma, akakaa juu ya magunia.

Jumatano mchana lori likazama kwenye matope. Waliposhuka kusukuma, mzee hakuwapo. Porini hakuna nyayo. Gunia alilokalia lilikuwa na weupe kama wa chokaa juu yake. Jean-Marie alitunyoshea mkono wake. Kwenye kucha bado ulikuwapo.

Jumatano mchana. Nilifikiri kidogo juu ya hilo, kisha nikaacha kufikiri.

Mama Rosalie alikuwa anamenya mihogo, akasikia yote. Akamuuliza Jean-Marie kama mzee alikuwa amekonda. Jean-Marie akasema ndiyo, sana. Kisu kikasimama. Kisha kikaendelea. Baadaye akatuma watu kuita jamaa: msalaba utawekwa Jumapili.

Damascène amerudi Kashuga kwa miguu. Ameacha brashi zake zote. Anasema atalima maharagi.

Kwa hiyo nimeshinda!

Jumapili, tarehe 16

Msalaba umewekwa. Mama Rosalie alilia sana, kilio cha mtu anayejua sasa analilia nini. Céline alinisukuma niende kuomba msamaha. Nikaenda. Nikamweleza Mama Rosalie kwamba kosa lilikuwa la jalada. Mtu mmoja, peke yake, kwenye mvua: lazima alete matata. Akaniomba nimchotee maji. Nikachota. Nadhani tumeelewana.

Papa Mbonigaba hataki tena picha. Anataka jina la baa tu ukutani, herufi nyeusi. Mtu asiyeona mbali! Lakini nilipokuwa nakusanya makopo yangu nyuma ya baa, niliona gazeti lingine chini ya mifuko ya saruji. Jalada zuri kuliko lile! Meli kubwa ya mtoni, ukungu, abiria wamejaa mpaka kingoni, hakuna pa kuweka mguu. Na mchoraji muzungu, mvivu yule, amewageuza wote migongo. Hakuna uso hata mmoja.

Kesho Papa Mbonigaba anakwenda Masisi. Ukuta bado mweupe. Rangi nimeshachanganya. Nitawageuza wote watutazame, nianze na wale wa mbele.