Uzinduzi wa Kituo cha Mavazi Yanayokupendeza

Mgeni rasmi, ambaye ameshindwa kufika na ambaye kwa niaba yake mgeni rasmi ni mimi, waheshimiwa madiwani mliopo na mlio njiani, watendaji wa kata za Marambo, Lionja na Mkotokuyana, ujumbe mzito wa ndugu zetu wa Ruangwa, mliopakiana kwenye bodaboda moja, masheikh, mapadri, walimu, wauguzi, wauza mitumba wa gulio, kinamama wa vikoba, kamati ya maandalizi, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, Bi Marietha, fundi cherehani, ambaye chumba hiki tulichosimama mbele yake kilikuwa chako kabla hatujakipandisha hadhi, Mama Agape, mke wangu, ninayekuona mstari wa mbele umeninunia, wananchi wenzangu. Nasema, vazi langu! (Mshereheshaji Nasri anawanong'oneza watu wa mbele namna ya kujibu.) Vazi langu! (Wachache: "Lanipendeza.") Ahsanteni kwa mwitikio huo mkubwa.

Ndugu wananchi, mimi Elineema, Mratibu wa Mradi wa Pamoja wa Nachingwea na Ruangwa wa Kuwapatia Wananchi Msukumo wa Mavazi ya Kila Siku Yanayowapendeza, mradi ambao kifupisho chake bado kiko kwenye kamati, ninasimama mbele yenu nikiwa nimevaa suti hii nzito ya vipande vitatu, iliyoshonwa kwetu Upare milimani kwa ajili ya harusi yangu, si kwa sababu silisikii jua la Nachingwea, nalisikia sana, bali kwa sababu ofisa asiyevaa koti ni vigumu kumtofautisha na mtu anayefanya kazi. (Kicheko.) Mama Agape alinishauri asubuhi nivae kitu chepesi. Nikamwambia huu ni uzinduzi, sio kwenda kuchuma mbaazi. Ndiyo maana mnaona amenuna.

Sasa, kwa nini mradi? Utafiti wetu wa awali, ule ambao wataalamu wanauita besilaini, ulibaini kwamba asilimia sabini na tatu ya wakazi wa wilaya hizi mbili huamka asubuhi, wakasimama mbele ya sanduku la nguo na wasijue wavae nini, asilimia ishirini hujua lakini nguo yenyewe imevaliwa na mdogo wao, na waliobaki walikataa kuhojiwa kwa sababu walikuwa bado hawajavaa. (Kicheko kirefu. Mtu wa Ruangwa: "Hapo umesema kweli.") Tatizo hili, ndugu zangu, kitaalamu ni upungufu wa inspiresheni, na inspiresheni haiji hivi hivi, inahitaji mkakati shirikishi, mpango kazi, wadau kujengewa uwezo na semina elekezi yenye chai na vitafunwa.

Kamati yangu haikulala. Ilifanya ziara ya mafunzo hadi Dar es Salaam, tukakaa Kariakoo wiki nzima, tumeketi kwenye viti vya plastiki, tukitazama wapita njia wamevaa nini, na taarifa yetu ya kina, ambayo nitaisoma kwa ufupi, inasema: wamevaa. (Makofi ya kusitasita.) Tuligundua pia kwamba mwenye mwili mpana avae anachokipenda na mwembamba naye hivyo hivyo, jambo ambalo lisingejulikana bila ziara.

Tukarudi nyumbani tukiwa na visheni, yaani maono. Tukajiuliza, hivi sasa wananchi wetu wanapata wapi mawazo ya mavazi? Jibu likatuhuzunisha. Mama wa Lionja anakwenda gulioni, anamwona mwenzake kapendeza, anamsimamisha barabarani, anamgeuza mbele na nyuma, anamwuliza, "Dada, huu mshono kakushonea nani?" Basi. Hakuna fomu, hakuna kibali. Wengine walikuwa wanakuja kwenye chumba hiki hiki, wanasimama mbele ya ile picha kubwa ya mishono aliyoibandika Bi Marietha ukutani, wanamnyooshea kidole mrembo wanayemtaka, huku wateja wengine wamekaa barazani wanatoa ushauri ambao hawajaombwa: rangi hii itakuvisha weusi, mkono huo utakubana, wewe shingo yako nzuri usiifiche. Huo, ndugu wananchi, ni mfumo usio rasmi. Tuliona tuurasimishe mara moja, na njia ya kitaalamu ya kurasimisha kitu ni kukifungia. (Minong'ono.)

Ndipo tulipokitwaa chumba hiki, na vilivyomo, tangu mikorosho ilipokuwa inatoa maua. Najua kuna manung'uniko. Najua sasa korosho zimeuzwa, watu wana vitenge vyao kwenye mifuko, harusi zimepangwa, na cherehani ya Bi Marietha iko humu ndani kwenye kufuli. Naambiwa ameanza kushona kwa mkono, na kwamba wateja wake wanahamia kwa fundi wa mjini Ruangwa, na kwamba akiendelea hivi hadi mwezi ujao hatakuwa na mteja wa kumrudia. Nalitambua hilo. Maumivu ya mpito yapo kwenye kila mradi, na tumeyawekea kipengele chake. (Bi Marietha anasema kitu.) Bi Marietha anasema yeye hali kipengele. Tumepokea fidibeki.

Na ndani ya kituo hiki kuna nini? Kuna kioo kikubwa, mtu anajiona kuanzia utosi hadi unyayo. Kuna masanamu ya kuvalishwa, ya kike na ya kiume, na moja la mtu mzima mwenye kitambi, kwa ajili ya usawa. Kuna kona ya rangi, ambapo mwananchi atapimwa ngozi yake na kuambiwa kama yeye ni mtu wa njano au mtu wa bluu. (Sauti: "Tufungulie tuone.") Mtaona. (Sauti nyingi: "Fungua mlango.") Mlango utafunguliwa kwa mujibu wa ratiba. Kwanza nakata utepe huu wa njano wenye namba namba...

(Bi Marietha anasogea mbele.) Naam, mama? Anasema huu sio utepe, ni futi yake ya kupimia watu, iliazimwa jana na kamati, na nikiikata atanipima mimi kwa kamba ya mbuzi. (Kicheko.) Sawa. Utepe hautakatwa, utafunguliwa. Huo nao ni ubunifu. Nyosheni mikono juu kama mimi, kwa pamoja, vazi langu!

(Sauti ndefu ya kitambaa kupasuka.)

Sauti hiyo ni spika. Nasri, angalia spika. (Mama mmoja nyuma ya jukwaa: "Spika gani, baba, mgongo wote uko nje.") Ndugu wananchi, naomba walioko nyuma yangu wahamie mbele. (Hakuna anayehama. Watu wa mbele wanahamia nyuma.) Utulivu, tafadhali. Koti limepata changamoto ndogo. Naambiwa na suruali nayo inaelekea huko huko. Tumwombe Bi Marietha, kwa moyo wa kizalendo, anishikishe walau nyuzi chache tuendelee.

Bi Marietha anasema sindano anayo, lakini suti hii haishikiki tena, imechoka kama mimi niliyeivaa. Mama Agape amesimama. Mama Agape, sio sasa. Haya, sema.

(Mama Agape: "Baba Agape, shati lako la kitenge nililokushoneshea liko humo ndani. Lilikwisha siku ile ile mlipofunga. Nilitaka ulivae leo. Ufunguo uko mfukoni mwako, toa.")

(Shangwe. "Toa! Toa!")

Ndugu wananchi, vifaa vilivyomo ni nyeti... (Suruali inapasuka.) Fungueni. Nasri, chukua ufunguo, fungua haraka.

(Mlango unafunguliwa. Wa mbele wanachungulia. Kicheko kinaanzia mlangoni na kufika hadi kwenye bodaboda. Ndani kuna cherehani moja iliyofunikwa shuka, picha ya mishono ukutani, na shati la kitenge limetundikwa msumarini. Mratibu anaingia. Anatoka amelivaa, na kitenge kingine amejifunga kiunoni. Vigelegele.)

Ahsanteni. Ahsanteni, inatosha. Lina hewa, hili. Mabega yamekaa. Kumbe mtu anaweza kusimama juani na akapumua. (Anatafuta kitu ukutani.) Nilitaka nijitazame, lakini kioo hakimo, kama mlivyoona, wala masanamu, wala kona. Kwa hiyo itabidi niwaulize ninyi, na mnijibu kwa ukweli, maana huyu mwanamke ananiangalia: nimependeza?

(Wote: "Umependeza!" Mama mmoja wa Lionja anamgeuza mbele na nyuma. Mama Agape anacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.)

Basi kituo kinafanya kazi, na kwa mamlaka niliyojipa nakitangaza kimekamilika kwa asilimia mia moja. Vazi langu! ("Lanipendeza!") Nachingwea! ("Tumependeza!") Ruangwa! ("Rudisheni wateja!") Nimalizie kwa kuwashukuru nyote kwa kuja kwa wingi kuzindua mradi ambao haujawahi kuwepo, na ambao, nawathibitishia, hautakuwepo tena. Bi Marietha, ufunguo wako huu hapa, na futi yako hii hapa. Ukishamaliza kumpima huyo mama, nami nipime suruali. Nitakaa hapa barazani na wenzangu, nikitoa ushauri.