Sululu wa Saa Mbili na Nusu

Jumatatu, 4 Machi

Bi Mkuu wa hifadhi kaniita ofisini. Wageni wanalalamika. Eti wanazunguka kinamasi kizima na mimi na wanaambulia bata tu. Jumamosi ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nikishindwa napelekwa getini kukata tiketi, na matembezi yangu anapewa mwongozaji mwenzangu, Darubini. Darubini! Mtu anayening'iniza darubini shingoni hata akila! Matembezi haya yalikuwa ya marehemu mke wangu miaka kumi na tisa. Ndege aliwajua yeye. Mimi nilishika kasia tu. Siyatoi ng'o!

Binti yangu kapiga simu. Anakuja Jumapili kuchukua simu ya mama yake, anataka kusikia sauti yake. Nimesema iko kwa fundi. Haiko kwa fundi. Iko mfukoni mwangu.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata akili! Humo simuni marehemu alirekodi milio ya ndege. Yumo hata sululu, ambaye hajaonekana hapa siku nyingi. Nitaificha simu mateteni na kuutega mlio huo kama kengele ya kuamkia, saa mbili na nusu asubuhi. Wageni watasikia, nitasema shh, mchezo umekwisha.

Nimejaribu nyumbani. Mlio safi. Ukiisha, mke wangu anavuta pumzi, anataka kusema kitu. Hapo nikazima. Miezi minane sasa huwa nazima hapo hapo. Siwezi.

Nimebandika tangazo: JUMAMOSI TUTAMWONA SULULU.

Alhamisi, 7 Machi

Darubini kaongeza chini kwa kalamu nyekundu: na jembe. Mtunza stoo kaniuliza, tena kwa dhati, atoe sululu ngapi, na mipini iwe mipya? Mgeni mmoja kapiga simu kuuliza kama waje na glavu. Ni ndege, jamani! Mdomo wake ndio umepinda!

Binti kapiga tena. Anataka kujua ni fundi gani, atampitia mwenyewe. Nikasema fundi kafiwa, kasafiri. Akasema nimpe pole zake. Niliona aibu. Haikudumu, nilikuwa natafuta mfuko wa nailoni wa kukinga simu na maji.

Ijumaa, 8 Machi

Mfuko unaziba sauti. Nimeutoa.

Jumamosi, 9 Machi

Yamenikuta.

Saa mbili na nusu kamili, tukiwa ukingoni, sululu akalia. Wageni wakashikana mikono. Bi Mkuu, aliyekuja kujionea, akafumba macho kwa raha. Darubini kaduwaa. Nikanyanyua kidole, nikasema shh. Mlio ukaisha. Nikasikia ile pumzi. Halafu mke wangu akasema, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba huyo ndiye sululu, na wewe mzee acha kukohoa, njoo hapa karibu nami umwone.

Nilikwenda. Niliingia majini na viatu vyangu. Kengele ikarudia, akaniita tena, nikaongeza mwendo, nikateleza, nikayaangukia yale matete kwa kifua. Simu ikazama topeni. Alikuwa katikati ya neno.

Aliyeniinua ni Darubini. Tulipapasa tope sisi wawili mpaka adhuhuri, hakunitania hata mara moja. Tulipoipata ilikuwa inatiririka maji. Nimeipeleka kwa fundi, safari hii fundi wa kweli. Kasema humo hamna kitu tena. Bi Mkuu hakutaja geti. Bora angenifokea.

Jumapili, 10 Machi

Nilimwandalia binti yangu uongo wa aina tatu. Alipovua viatu mlangoni wote ukanitoka. Nikasema kweli. Akakaa sakafuni, akalia, nami nikalia. Akauliza mama alisema nini hasa. Nikamweleza. Akasema, hapana baba, sema kama alivyosema mwenyewe.

Nikabana koo, nikasema. Miaka thelathini nimetumwa na sauti ile, naijua. Binti akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akaomba tena. Na tena. Mwisho akacheka huku machozi yanamtoka. Kabla ya kuondoka kaniapisha: nisidanganye wageni tena. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 11 Machi

Bi Mkuu kanipa nafasi nyingine, Alhamisi, wageni kumi na wawili. Kasema wale wa Jumamosi bado wanaulizia yule mama wa mateteni. Wanamuulizia! Sasa simu ya nini? Darubini ataongoza kundi, bado ananihurumia, hawezi kukataa. Mimi nitachuchumaa majini. Mlio wa sululu unanishinda, natoa sauti ya birika linalochemka. Lakini maneno yanayofuata nayaweza.

Leo asubuhi nimekwenda kujaribu, peke yangu, maji magotini. Nikaita: we mzee, njoo hapa karibu nami. Mara ya kwanza sauti ilikwaruza. Ya pili ilitoka sawasawa. Ya tatu nikaitika, naja.