Waya wa Nyuzi Nane

Jumatatu, 3 Machi
Nimesalitiwa! Jumamosi nimeandaa viti viwili mbele ya spika kama kawaida, changu na cha Mwalimu, rafiki yangu tangu tulipokuwa kazini. Hakutokea. Leo nimeambiwa alikuwa kwa Besi, yule jirani wa mtaa wa nyuma. Besi kanunua waya wa spika mnene kama mpira wa kumwagilia bustani. Mtu mzima na akili zake kufuata waya! Basi, nitatengeneza wangu, mzuri kuliko ule, na Mwalimu atarudi. Lazima arudi. Nimeanza kuliaga jokofu ninapotoka.

Jumanne, 4 Machi
Siri iko kwenye msuko. Nyuzi zikilala sambamba, kelele za umeme zinaingia bila hodi. Zikisukwa kwa kupishana, uzi mmoja unafuta kelele za mwenzake. Nimekata nyuzi nane za shaba: nne nyekundu za kupeleka umeme, nne nyeusi za kuurudisha. Nimesuka kutwa. Kimetoka kitu kama kiota. Vidole vinawaka moto.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata wazo kwenye ngazi. Chumba cha chini anakaa msusi! Nimemwomba anisukie. Kaniuliza kichwa kiko wapi. Nikamwonyesha waya. Kacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Amefunga ncha kwenye kitasa cha mlango, akasuka huku akipiga soga: mwanawe aliye mbali, goti linalomsumbua, wateja wasiotulia. Nilitaka kumwambia anyamaze, kazi hii ni ya kisayansi, lakini nikaogopa ataondoka. Msuko umenyooka, hakuna uzi uliolegea. Mwishoni katia shanga. Nimeziacha. Alipoondoka nikaona sebule imekuwa kubwa, nami mpweke kweli kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya kulinganisha waya wa zamani na mpya. Nachomeka, nakimbilia kiti, nikikaa nimeshasahau ule mwingine ulilia vipi. Kumbe shughuli hii haifanywi na mtu aliye peke yake! Nikamwita msusi akae nyuma ya pazia, abadilishe waya, asiniambie upi ni upi.

Mara ya kwanza: sauti imebanwa pua. Mara ya pili: lo! Ngoma zinapumua, mwimbaji kaja mpaka kwenye zulia. Machozi yakanitoka. Msusi akachungulia, akasema ukweli ni kwamba goti lilimkatalia kuinama, hakubadilisha kitu. Mara zote mbili ulikuwa waya wa zamani.

Nimewaza sana. Jibu ni moja tu. Waya mpya ulikuwa umelala jirani, ukausaidia wa zamani kwa mbali! Sasa nikiuchomeka wenyewe itakuwaje?

Jumamosi, 8 Machi
Nimemvizia Mwalimu dukani, nikamsihi mpaka akakubali. Amekaa kwenye kiti chake. Furaha yangu haielezeki. Wimbo umeanza, naye akaanza habari za mjukuu wake aliyeanza kutembea. Nikainua kidole. Akakohoa. Nikaurudisha wimbo mwanzo. Akakohoa tena, nikaurudisha tena. Akachukua kofia yake.

Nikamuuliza kama ameusikia waya.

“Huo wa Besi hata sijui umepita wapi,” alisema. “Kule tunaongea. Hapa nakatazwa hata kukohoa. Mimi nilikuja kukuona wewe, bwana.”

Kaenda zake. Nimekaa kwenye kiti chake mpaka joto lake likaisha. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 9 Machi
Msusi amegonga. Mwalimu amepita kunitafuta, wamekutana mlangoni, sasa yuko kwake chini, chai imeshamiminwa, wananisubiri mimi tu. Nikamwambia siwezi. Waya mpya lazima uzoeshwe, upigwe muziki mfululizo, na mtu awe nao. Akanitazama kwa huruma, akashuka.

Sasa nawasikia wanacheka. Mwalimu anasimulia jambo, msusi anapiga meza. Na hapo nimegundua kosa! Vicheko vinapanda kwenye sakafu, vinautikisa waya. Hakuna waya duniani utakaofanya kazi hivyo. Kesho nauinua juu ya vigingi vya mbao, chini naweka blanketi, na mlango naziba kwa matambara.

Mwalimu atarudi tu. Safari hii hata pumzi yake sitaisikia.