Finjani Niliyoiweka Chini kwa Ajili ya Bi Ghalia

Jumapili, 15 Oktoba. Ibra.

Siku kumi na nne kabla ya kura ya Majlisi ya Shura, baraza la wawakilishi. Leo nimeamua. Bi Ghalia atashinda, na mie ndiye nitakayemshindisha. Mwenyewe hajui bado.

Wanaogombea ni wengi, lakini mbio ni za wawili. Kuna Muhandisi Muatasim, kijana wa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, picha yake iko kila mzunguko wa barabara. Na kuna Bi Ghalia, mwalimu mstaafu. Tulipofika hapa Uarabuni kutoka Wete, Pemba, mwaka sabini na nne, mama yangu na wenzake walikuwa hawajui kusoma hata kibao cha duka. Bi Ghalia, wakati huo msichana tu aliyetoka Unguja, aliwakusanya kila alasiri ukumbini kwao akawafundisha herufi moja moja. Hakumcheka hata mmoja. Mama alikufa anajua kuandika jina lake. Jambo hilo mie silisahau.

Sasa ana umri wa kukaa na wajukuu, lakini anapita nyumba kwa nyumba na daftari. Anauliza, anaandika, haahidi kitu. Jana alikuwa kwetu. Aliuliza habari za goti la mke wangu Azza akakumbuka ni la kushoto. Nikamwuliza nimsaidie vipi. Akasema nimpigie kura, inatosha. Kura moja tu, mtu kama mie!

Shemeji Marhun, kaka yake Azza, ni mtu wa Muatasim. Wamempa mtaa mzima ausimamie. Amesema mbele za watu kwamba ninayemuunga mkono mie huanguka, na timu yangu ya mpira ni ushahidi. Tutaona.

Jumatatu, 16 Oktoba.

Nimepata njia. Hapa kwetu mgeni mwenye haja hanywi kahawa. Akimiminiwa, anaiweka finjani chini imejaa. Mwenye nyumba akiiona, roho inamruka. Atauliza una haja gani. Akishasema kunywa, haja yako imekubaliwa, ameshafunga neno, na kulivunja ni aibu mpaka kwa wajukuu. Mie mtoto wa Pemba niliijua mila hii ukubwani, siku niliyoweka finjani chini kwa sababu kahawa ilikuwa ya moto, nikarudi nyumbani na mbuzi.

Leo nimeanza na mzee Musallam, mwenyeji hasa, nyumba ya wapiga kura kumi na mmoja. Nikaweka finjani chini. Wanawe wote wakaitazama. Akauliza. Nikasema Bi Ghalia. Akafikiri, akashika ndevu, akasema kunywa. Kumi na mmoja kwa finjani moja! Nikaenda nyumba nne nyingine. Jumla kura thelathini na nane. Usingizi hauji, nusu kwa furaha, nusu kwa kahawa.

Azza ameniuliza kama Bi Ghalia ndiye aliyenituma. Nimemwambia mambo ya siasa hayaendi hivyo.

Jumatano, 18 Oktoba.

Nimekwenda na Azza kwa Bi Ghalia kumpa bishara. Nilijiandaa kushukuriwa. Nilishafikiria namna ya kujibu, kwa unyenyekevu lakini si mwingi sana.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavua miwani. Akasema, Bwana Zakariya, kura ya mtu ni amana yake, na wewe umewafunga watu kwa aibu. Akasema anataka sana kushinda, amelitaka hili miaka, wala hatanificha, lakini kura za kubanwa hazitaki. Nirudi nikawafungue mmoja mmoja.

Mwanamke gani huyu? Anasukuma kura thelathini na nane kwa mkono wake mwenyewe, na macho hayapepesi. Nilitoka pale nimefedheheka na nimempenda zaidi. Azza njia nzima alitazama pembeni, nikajua ananicheka.

Alhamisi, 19 Oktoba.

Khasara kubwa. Nimekwenda kumfungua mzee Musallam. Nilidhani atafurahi. Nikamwambia, kwa adabu zote, neno lako nimekurudishia, mpigie umtakaye.

Alibadilika rangi. Akasema finjani yangu niliiweka chini nyumbani kwake, mbele ya wanawe, neno akalitoa, na leo namrudishia kama sahani chafu. Kwani neno lake lina kasoro gani? Nikaeleza. Nikaharibu zaidi. Mwanawe mkubwa akanitikisia kichwa niondoke.

Kufika alasiri habari imeenea. Zile nyumba nne, na ya Musallam pia, zimeniletea salamu kwamba nisijisumbue kuja. Kama neno lao halinifai, litamfaa Muatasim. Zote thelathini na nane! Juzi walikuwa hawajaamua. Mie ndiye niliyewaamulia.

Ijumaa, 20 Oktoba.

Baada ya sala amekuja Marhun, na wazee wawili wenye bakora. Nilidhani wamekuja kunisuluhisha na Musallam. Nikawapokea vizuri, haluwa mezani, tende mbichi, kila kitu. Nikammiminia Marhun kahawa. Akaiweka chini.

Nikajifanya sikuona. Nikasifu hali ya hewa. Nikawauliza wazee mitende yao. Nikamega tende nikamwekea Marhun mkononi. Finjani iko palepale, imejaa, inapoa. Mzee mmoja akakohoa. Nikasema labda haina hiliki ya kutosha. Akakohoa mwingine.

Ikabidi niulize. Akasema haja yake ndogo tu, kura yangu kwa Muatasim. Kaka wa mke wangu, nyumbani kwangu, mbele ya wazee. Ningefanya nini? Nikasema kunywa. Akanywa tatu, moja baada ya moja, akatikisa finjani, ishara ya kutosheka, akanishukuru kwa Kiarabu fasaha.

Sikula chakula cha mchana.

Jumanne, 24 Oktoba.

Nimepata njia nyingine. Kura inapigwa kwa simu, na simu lazima iguse kitambulisho. Kitambulisho kikipotea, kura haipigwi, na neno sikulivunja. Nimekifukia ndani ya gunia la mchele, chini kabisa.

Saa sita Azza amekikuta. Eti leo alitaka kupika biriani ya wageni. Amefurahi, amesema nina bahati ya kuwa na mke mwangalifu.

Jumamosi, 28 Oktoba.

Sikuweza tena. Nimempigia simu Bi Ghalia nikamweleza yote, Musallam, zile nyumba nne, finjani ya Marhun. Moyoni nilitumaini atasema neno la aibu si neno, nipige kura yangu ya moyo. Nilikuwa tayari kumtii.

Akauliza kama kwa Marhun nililazimishwa. Nikasema hapana, mila tu. Akauliza kama ningeweza kukataa. Nikasema ningeweza, ila nisingeweza. Akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyechoka. Akasema basi uamuzi ni wangu, yeye hawezi kunifungua, maana hakunifunga yeye. Ila asingependa mtu avunje neno kwa ajili yake. Halafu akauliza goti la Azza.

Nimelia. Naandika kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Jumapili, 29 Oktoba.

Siku ya kura. Simu imeikataa sura yangu mara tatu. Imetaka nivue miwani. Imetaka nivue kofia. Imetaka nisogee penye mwanga. Nikasema alhamdulillahi, Mungu hataki. Mara ya nne ikanikubali.

Jina la Bi Ghalia lilikuwa juu, na picha yake, bila miwani. Kidole kilikaa hewani muda mrefu mpaka kioo kikazimika. Nikakiwasha. Nikampigia kura Muatasim. Simu ikanishukuru.

Jumatatu, 30 Oktoba.

Bi Ghalia ameshindwa kwa kura thelathini na moja.

Nimeihesabu hesabu hii kwa kila namna, na kila namna inarudi mlangoni kwangu. Zile thelathini na nane zingebaki nyumbani tu, zisiende popote, angeingia.

Jioni Marhun amekuja, hana furaha ya mshindi. Alikaa kwa Azza jikoni, mie niko mlangoni. Akasema wiki iliyopita Bi Ghalia alikwenda kwake, hali anajua ni mtu wa nani. Alikaa saa nzima akiuliza habari za Hala, binti wa Marhun asiyesikia, shule gani, nani anamfundisha ishara, akaandika kurasa mbili. Kura hakuomba. Alipotoka, Marhun alikaa peke yake garini. Na jana akampigia kura Bi Ghalia.

Nikamwuliza kwa nini basi hakuja kunifungua. Akasema alitaka kuja. Alifika mpaka mlangoni kwetu. Akakumbuka yaliyompata mzee Musallam aliporudishiwa neno lake, akaogopa kunivunjia heshima.

Azza akaendelea kumenya vitunguu.

Alhamisi, 2 Novemba.

Leo Bi Ghalia amepita mitaani kushukuru. Nyumba zote, hata ya Musallam, hata za wale wanne. Miguu imevimba, mwanawe Laith anamshika mkono. Alipofika kwetu nilishindwa kumtazama. Akaniambia kosa langu ni mapenzi, na mapenzi hayamdhuru. Si kweli, yamemdhuru, na anajua, na amesema hivyo makusudi ili nilale. Sijapata kuona mtu kama yule.

Amesema Mungu akimpa uhai, miaka minne ijayo atagombea tena.

Miaka minne ni muda mzuri. Safari hii sitamwendea mtu kumwomba neno. Nitaozesha. Binti yetu Wiam ana mchumba, na mtu akishakula walima wako, karamu ya harusi, akashiba nyama, akabebewa na sahani ya nyumbani, hawezi kukutazama usoni akakunyima. Nitaalika wilaya nzima. Bi Ghalia nitamkalisha mbele, palepale kila mlaji amwone. Nimeshaandika majina mia mbili.

Azza amesema safari hii nimwulize Bi Ghalia kwanza. Nitamwuliza akishashinda.