Kioo Kirefu cha Dola ya Baba

Jumatatu, 4 Machi 2019

Leo ndiyo leo! Nimeitoa dola ya fedha ya marehemu baba kwenye soksi yake. Ilitengenezwa San Francisco mwaka 1881, haijawahi kununua hata peremende. Nikaisimamisha kwenye gazeti, rula pembeni. Upande wa mbele nimesoma herufi za gazeti zikiakisiwa ndani ya sarafu kutoka inchi nne! Kampuni ya kupima ubora wa sarafu, zikisomeka kwa inchi mbili, inaandika "kioo" kwenye lebo. Kwa inchi nne inaandika "kioo kirefu".

Merle Vossberg wa klabu yetu ya sarafu hapa Kearney anayo ya kioo kirefu, na huitoa mfukoni kabla kahawa haijamiminwa. Miaka sita mfululizo utepe wa bluu wa mshindi wa maonyesho ya Aprili ni wake. Baba alikufa bila kuupata hata mara moja. Mwaka huu naupeleka kaburini kwake, naapa!

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Nimeamka, nikatoka kitandani moja kwa moja hadi mezani kupima upande wa nyuma, wenye ndege tai. Inchi mbili, sawa. Inchi tatu, ukungu mtupu. Nimekodoa macho mpaka yakatoa machozi. Na kampuni haina huruma: pande zote mbili zifike, la sivyo huna kitu.

Lorna, mke wangu, akauliza mbona nimekunja uso kama niliyemeza siki. Nikamwambia aniache, hii ni sayansi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Dawa ya meno! Nusu saa, kitambaa laini, mviringo mviringo. Tai anang'aa mpaka nimehesabu vinyweleo vya pua yangu. Lorna aliuliza tyubu imeishaje. Nikasema nimeanza kujali meno. Akasema hajaamini, lakini amefurahi.

Sarafu nimeituma kwa posta, na bima juu. Nikamkuta Merle dukani kwenye viazi, nikamshauri atafute mtu wa kumbembeleza Aprili. Akaniuliza kwa upole kama nimeigusa. Akanisihi nisiipulizie hata pumzi. Wivu huo!

Ijumaa, 12 Aprili

Imerudi. Kasha la plastiki, zuri ajabu, na kwenye lebo neno moja: "Imesafishwa." Hakuna alama, hakuna kioo kirefu, wala kifupi!

Nikawapigia. Binti wa watu akanijibu kwa adabu zote: pole sana bwana Krause, chini ya lenzi tai amejaa mikwaruzo ya mviringo. Nikamwambia tai wangu ni msafi kuliko wao wote pale. Akasema ndiyo hasa shida.

Jumamosi, 13 Aprili

Maonyesho, ukumbi wa chini ya kanisa. Merle kapata utepe wa saba. Nilimwonyesha kasha nikitegemea acheke. Hakucheka. Alikaa kitini, akatoa daftari lake la zamani, akanionyesha ukurasa wa mwaka 1994, mwandiko wa baba mwenyewe walipoipima pamoja dola hii hii: mbele inchi sita, nyuma inchi sita. Eti baba hakutaka kuileta mashindanoni, asimwaibishe rafiki yake Merle. Merle akaniambia, Wendell, ile ingenishinda kila mwaka, na mimi nilijua.

Sasa ule ukungu wa inchi tatu ulitoka wapi? Lorna, mdomo umejaa pai, akanikumbusha kwamba Jumatano ile miwani yangu aliikuta mchana kwenye kikapu cha mkate.

Nililia kidogo. Nilisingizia vitunguu, ingawa pai ilikuwa ya tufaha.

Jumapili, 14 Aprili

Merle ana roho ya dhahabu, nilimwonea bure. Jana alinikabidhi dola yake ya ushindi nikae nayo mpaka kesho, inipoze moyo. Hakuna mtu amewahi kuniamini hivyo! Lazima nimfanyie jambo.

Asubuhi hii nimeikagua, na miwani nimevaa, mimi si mjinga. Kumbe ina kidoa! Karibu na bawa la tai, kidogo, maskini Merle hajakiona miaka yote saba. Nimetafakari sana kosa langu na nimelijua: dawa ya meno ina chembechembe. Magadi ya kuokea ya Lorna ni laini kama unga.

Kasha la dola yake limefunguka vizuri tu kwa kisu cha siagi. Merle atashangaa huyo!